Kabati la Bibi Limefika Kwako: Namna ya Kulipatia Sura Mpya Mwenyewe

Vanishi imekuwa nyeusi kama masizi. Juu pana duara jeupe la kikombe cha chai. Mlango mmoja umelala, na droo ya kulia haitoki mpaka uivute kwa mikono miwili. Lakini mbao ni mninga, na ukienda kuulizia bei ya kabati la aina hiyo leo utaelewa kwa nini waliokutangulia hawakulitupa.

Anayeshika kazi hii mara ya kwanza huuliza yale yale: nianze na msasa namba ngapi? Naweza kupaka vanishi mpya juu ya ya zamani? Sandi sila, ile ya kupaka chini ya vanishi, ni lazima? Kwa nini yangu inanata mpaka leo? Majibu yapo hapa, kwa mfano wa kabati la vyombo lenye milango miwili na droo mbili, kimo sentimita 150, upana 120, kina 40. Kama chako ni kiti, meza au kitanda, hatua hazibadiliki. Vipimo tu ndivyo utakavyopunguza au kuongeza.

Tenga kama wiki moja. Kwa siku utafanya kazi saa mbili au tatu tu, muda uliobaki ni wa gundi na vanishi kukauka. Vyote viwili havina haraka, na makabati mengi yaliyoharibika yaliharibiwa na haraka hiyo.

Kabla hujaenda dukani

Usinunue vanishi kabla hujajua kabati limepakwa nini. Fanya majaribio manne, yote mahali pasipoonekana: chini ya rafu, au ukingo wa mlango upande wa bawaba.

*Mbao.* Kwangua kwa kisu eneo la ukubwa wa kidole gumba mpaka mbao yenyewe itokee, kisha dondoshea tone la maji. Rangi unayoiona palipolowa ndiyo karibu sawa na utakayoipata ukipaka vanishi isiyo na rangi. Mninga hutoa kahawia yenye wekundu au dhahabu. Mvule huelekea manjano na kahawia, na huzidi kukolea kadiri miaka inavyokwenda. Msindano ni mweupe-njano, una vifundo, na ukiukandamiza kwa ukucha alama inabaki. Kagua pia kingo: ukiona tabaka tabaka, hiyo ni plaiwudi. Tabaka lake la juu mara nyingi halifiki hata milimita moja, kwa hiyo msasa wa mashine hautakiwi hapo. Chipubodi iliyokunywa maji ikavimba haifufuki. Badilisha ubao huo.

*Vanishi iliyopo.* Lowesha pamba kwa spiriti, iweke juu ya vanishi kwa dakika moja. Ikilainika na kunata, ni sheleki, polishi ya spiriti ya zamani. Isipolainika, jaribu na thina. Ikiyeyuka kwa thina, ni laka. Ikikataa zote, au ikikunjamana tu kama ngozi ya maziwa, ni vanishi ya mafuta au poliyurithani. Kisha bandika tepu yenye gundi kali, isugue kwa kidole, uibandue kwa nguvu. Ikitoka safi, vanishi bado imeshika. Ikitoka na magamba, lazima yote iondoke.

*Wadudu.* Vitundu vidogo vya mviringo ni vya wadudu wanaobungua mbao, lakini huenda waliondoka miaka mingi iliyopita. Funika vitundu kwa tepu ya karatasi na uache wiki mbili. Tepu ikitobolewa, au ukikuta unga mpya chini, bado wamo. Mchwa hujulikana kwa njia zao za udongo, na mbao wanayoila hulia tupu ukiigonga kwa mpini wa bisibisi.

*Oili chafu.* Nusa na upapase mgongo wa kabati na miguu. Wengi hupaka hapo oili iliyotumika kwenye gari ili kuzuia mchwa. Palipozama oili hiyo hapatakauka vanishi yoyote, upende usipende. Paache palivyo, na karatasi ya msasa iliyogusa hapo usiipeleke tena sehemu nyingine.

Vitu vya kuandaa

- Msasa (namba ikiwa kubwa, msasa ni laini zaidi): namba 80 karatasi 4, namba 120 karatasi 6, namba 180 karatasi 6, namba 240 karatasi 4, namba 320 karatasi 3
- Kipande cha mbao laini cha kukunjia msasa, ukubwa wa kutosha kiganja
- Dawa ya kubandua vanishi, lita 1 hadi 2 (kama jaribio la tepu limeitaka)
- Skrepa ya chuma
- Gundi nyeupe ya mbao, nusu kilo
- Tyubu kuukuu ya baiskeli, au klempu (vibano vya kukazia) kama unazo
- Tapentaini (waiti spiriti) lita 2
- Thina nusu lita
- Vanishi ya poliyurithani ya mafuta, isiyo na rangi, lita 1 na nusu
- Brashi nzuri ya inchi 2 na ndogo ya inchi 1
- Bisibisi bapa na ya nyota, nyundo, patasi, tepu ya karatasi
- Bomba la sindano la plastiki, kwa gundi na dawa ya wadudu
- Matambara ya pamba yasiyoacha manyoya. Fulana kuukuu inafaa kuliko taulo
- Barakoa ya vumbi, miwani na glavu za mpira

Hesabu ya vanishi imetokana na hivi: mbele, pande mbili, juu na ndani ya milango ni kama mita za mraba 4 na nusu. Mikono mitatu, yaani kupaka mara tatu, ni mita 13 na nusu. Lita moja hufunika mita 10 hadi 12 kwa mkono mmoja. Pima chako, ufanye hesabu hiyo hiyo.

Sandi sila haimo kwenye orodha, na haikusahauliwa. Ni nzuri chini ya laka inayopulizwa kwa mashine karakana, kwa sababu hukauka haraka na kusuguliwa kwa urahisi. Urahisi huo wa kusuguka unatokana na kitu kinachofanana na sabuni ndani yake, na poliyurithani haishiki vizuri juu yake. Muuza duka atakusisitizia. Kwa vanishi ya kupaka kwa brashi, mkono wa kwanza wa vanishi yenyewe uliozimuliwa ndio sila yako.

Kazi yenyewe

1. Vua kila kitu. Toa droo, milango, vioo, vishikio, kitasa na bawaba. Kabla ya hapo piga picha kwa simu, hasa namna bawaba zilivyokaa. Weka skrubu za kila mlango kwenye kopo lake na uandike "kulia juu", "kulia chini". Zikichanganyika, mlango hautarudi ulipokuwa, maana kila tundu limezoea skrubu yake. Skrubu iliyoganda kwa kutu usiilazimishe: ingiza bisibisi, igonge kichwani kwa nyundo mara mbili tatu, ikaze kidogo kwanza, ndipo uilegeze. Kioo cha kuteleza kinyanyue juu ndani ya mfereji wake, chini kitatoka. Kifunge kwa kanga au blanketi, kisimamishe ukutani, ukikilaza kitakanyagwa.

2. Osha. Maji ya uvuguvugu yenye sabuni ya unga kidogo, kitambaa kilichokamuliwa sana. Ukimaliza, pitisha kitambaa kisafi cha maji matupu, acha pakauke, halafu futa kote kwa tapentaini, ukibadilisha upande wa kitambaa kila kinapochafuka. Kabati la vyombo limekaa karibu na jiko miaka mingi na kupuliziwa polishi za kung'arisha. Ukianza na msasa kabla ya kuosha, mafuta hayo unayazamisha ndani ya mbao.

3. Kaza viungo. Shika kabati pembeni ulitikise. Kiungo kinachocheza kifungue kabisa, usikipige msumari. Msumari hupasua mninga, hushika kutu, na chuma kikikutana na unyevu ndani ya mbao za namna hii huacha doa jeusi.

Gundi mpya haishiki juu ya ya zamani. Kwangua gundi kuukuu kwenye ulimi na ndani ya shimo lake mpaka uone mbao. Paka gundi nyeupe pande zote mbili, unganisha, kaza. Kama huna klempu, kata tyubu ya baiskeli iwe ukanda mmoja mrefu wa upana wa sentimita 4, zungushia ukiuvuta, na mwisho uupenyeze chini ya mzunguko wake mwenyewe. Ukanda huo unakaza kuliko wengi wanavyodhani, na haukwaruzi.

Kabla gundi haijashika, pima mishazari: kona ya juu kushoto hadi ya chini kulia, kisha kinyume chake. Vipimo visipolingana, kabati limepinda. Lisukume kona ndefu mpaka vilingane. Gundi iliyotoka nje ifute saa hiyo hiyo kwa kitambaa kibichi. Acha saa 24.

Kama wadudu wamo, huu ndio wakati wao. Tumia dawa ya kuulia wadudu wa mbao, uiingize kwa bomba la sindano tundu kwa tundu, glavu mkononi na barakoa ya kemikali au upepo wa kutosha, ukifuata maelezo ya kopo. Mafuta ya taa, ambayo kila mzee atakushauri, huruka yakaisha na kuacha mayai salama.

4. Ondoa vanishi ya zamani, kama ni lazima. Jaribio la tepu likitoka safi na huna shida na rangi iliyopo, ruka hatua hii: sugua kwa namba 240 mpaka mng'ao wote ufe, kisha nenda hatua ya 6 sehemu ya vumbi. Umeokoa siku mbili.

Kama inabanduka, paka dawa ya kubandua kwa wingi, mkono mmoja mzito, bila kurudia rudia brashi. Acha dakika 15 hadi 20 ivimbe na kujikunja. Kwangua kwa skrepa kufuata nyuzi za mbao. Kabati kuukuu kwa kawaida huhitaji mizunguko miwili. Maliza kwa kufuta kwa kile kilichoandikwa kwenye kopo, maji au thina. Mabaki ya dawa yakibaki, vanishi mpya nayo italainika.

Fanya sehemu moja kwa wakati, mlango mmoja, kisha mwingine. Ukipaka kabati zima utakuta upande wa pili umekauka kabla hujaufikia.

Kuna njia kavu ya mafundi seremala: kipande cha kioo chenye ukingo ulionyooka. Kimeinamishwa kidogo kuelekea kwako na kuvutwa, hutoa maganda membamba ya vanishi kama karatasi ya sigara, na mbao inabaki laini kuliko baada ya msasa namba 80. Zungushia tepu nene sehemu unayoshika. Kikianza kutoa unga badala ya maganda, kimekwisha makali.

*Angalizo.* Usitumie kostiki soda wala magadi kwenye mbao hizi. Huweza kugeuka nyeusi. Na kama kabati limepakwa rangi ya mafuta ya zamani, chukulia kwamba ina madini ya risasi, ambayo ni sumu: usisugue ikiwa kavu, tumia dawa ya kubandua, watoto na mama mjamzito wakae mbali, na uchafu ukusanye kwenye mfuko, usiufagilie uani wanakochezea kuku na watoto.

5. Mibonyeo, matundu na madoa. Mbao iliyobonyea haijapotea, imeminywa tu. Weka kitambaa kibichi juu ya mbonyeo, pitisha pasi ya moto sekunde tano, inua, rudia. Mvuke utaipandisha. Mkwaruzo uliokata nyuzi haupandi, huo hujazwa.

Matundu madogo yajaze kwa unga laini unaotoka kwenye msasa namba 180, uukande kwa vanishi mpaka uwe kama ugali mlaini. Unga uliokandwa kwa gundi nyeupe ni rahisi zaidi lakini hutoa doa la rangi nyingine likishapakwa vanishi. Jaza mpaka pazidi kidogo, kwa kuwa hunywea. Palipovunjika zaidi ya upana wa kidole usijaze. Chonga kipande cha mbao ile ile ukibandike.

Duara jeupe la kikombe limo kwenye vanishi tu, litaondoka nayo. Doa jeusi limeingia kwenye mbao: sugua kwa namba 80 uone kama linapungua, na likigoma, liache. Kulifukuza kwa msasa kutakuachia bonde litakaloonekana zaidi ya doa.

6. Msasa. Hapa ndipo kabati linapopatikana au kupotea. Namba 80 kwa sehemu zenye mabaki ya vanishi au mikwaruzo tu. Kote: 120, kisha 180, kisha 240. Kila namba kazi yake ni kufuta mikwaruzo ya namba iliyotangulia, kwa hiyo ukiruka kutoka 80 hadi 240 mikwaruzo ya 80 inabaki, na hutaiona mpaka vanishi iikoleze.

Sugua kufuata nyuzi, daima. Mkwaruzo mmoja wa kukatiza nyuzi huonekana kutoka mlangoni. Kunjia msasa kwenye kipande cha mbao. Vidole vitupu huchimba mifereji. Kingo na kona zipitie mara mbili tu kwa namba 240, vinginevyo zitaliwa. Kwenye plaiwudi anza na 180, na rangi ikianza kubadilika, simama hapo hapo.

Utajuaje kwamba tayari? Washa tochi ya simu, ilaze karibu na mbao ili mwanga upite pembeni. Kila mkwaruzo utatupa kivuli.

Vumbi la mninga na mvule huwasha pua na kifua. Vaa barakoa hata kama unasugua nje, na mwenye pumu amwachie mwingine hatua hii.

Kuondoa vumbi: brashi kavu, kisha kitambaa kilichonyunyiziwa tapentaini kidogo. Mwagia maji sakafu ya mahali pa kupakia ili vumbi lisirushwe na miguu. Mwenye mvule au msaji afute kwa thina muda mfupi kabla ya kupaka. Msaji una mafuta yake. Mvule una kitu ndani kinachochelewesha vanishi ya mafuta kukauka, na mkono mmoja mwembamba wa sheleki kwanza hukizuia.

7. Mkono wa kwanza. Koroga vanishi taratibu kwa kijiti, usitikise kopo. Mapovu utakayotia hapo utayakuta juu ya mlango. Mimina kiasi kwenye kopo lingine ukiichuja kwa soksi nyembamba ya kike, uizimue: vipimo 4 vya vanishi kwa kimoja cha tapentaini. Brashi mpya ipigepige kiganjani na uivute nywele zilizolegea kwanza.

Chovya theluthi moja ya nywele za brashi. Gusisha ndani ya kopo, usiifute kwenye mdomo wake. Anzia sentimita chache ndani ya ukingo ukitoka nje. Ukianzia ukingoni, vanishi hujikusanya na kuchirizika upande wa pili. Ukishafunika eneo la kama futi mbili, pitisha ncha ya brashi tupu, wepesi kabisa, kutoka mwanzo hadi mwisho kufuata nyuzi. Halafu ondoka. Ukiona kasoro baada ya dakika tano, iache; kuigusa kutafanya mbili.

Milango ilaze juu ya vibao viwili, usiipake ikiwa imesimama. Paka upande wa ndani kwanza.

Saa nzuri pwani ni kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa nane mchana, kivulini penye hewa. Mapema zaidi kuna umande, na jua kali la moja kwa moja hutoa mapovu. Msimu wa masika subiri siku kavu, na usipake jioni chini ya taa: mvua ikikatika kumbikumbi watatoka, na vanishi mbichi yenye mwanga juu yake ndiyo wanayoitafuta.

*Moto.* Tapentaini, thina na vanishi vikae mbali na jiko la mkaa, sigara na mshumaa. Matambara yaliyolowa vanishi au mafuta ya mbao usiyakunje na kuyatupa kwenye pipa. Huweza kupata joto yenyewe na kuwaka. Yatandaze nje yakauke, au yazamishe kwenye ndoo ya maji.

8. Mkono wa pili na wa tatu. Subiri saa 24. Pwani wakati wa unyevu, hata zaidi. Jaribu kwa kusugua mahali padogo na namba 320. Ikitoka unga mweupe, imekauka. Ikibiringika kama uchafu wa kifutio, bado. Sugua kote kwa wepesi, futa vumbi, paka bila kuzimua. Rudia kwa mkono wa tatu. Sehemu ya juu ya kabati, inayowekewa vitu, ipe wa nne.

Usitumie stilwaya ya kusugulia sufuria kati ya mikono. Vipande vyake hubaki kwenye nyuzi, na vikipata unyevu hushika kutu na kuacha madoa.

Ndani ya rafu na droo, paka mkono mmoja tu uliozimuliwa, au usipake kabisa. Ndani ya kabati lililofungwa harufu ya vanishi ya mafuta haina pa kutokea.

9. Rudisha vitu. Siku mbili baada ya mkono wa mwisho. Kwenye mninga tundu jipya la skrubu lazima litobolewe kwanza kwa drili, na skrubu ipakwe sabuni ya kipande. Skrubu ya shaba hukatika kichwa kwa urahisi kwenye mbao ngumu, basi ingiza ya chuma ya ukubwa ule ule kwanza, itoe, ndipo uweke ya shaba. Tundu lililopanuka lijaze njiti za kiberiti bila vichwa zilizochovywa gundi, kata zilingane, kaza tena.

Vyombo vyepesi baada ya wiki moja. Vitambaa vya kufuma na plastiki za mezani, mwezi mzima. Vanishi iliyokauka kwa kugusa bado ni changa ndani, na kitambaa kilichokandamizwa na jagi huacha mchoro wake wote juu ya kabati.

Ukiamua kupaka rangi

Mninga ulio mzima usiupake rangi. Utaficha kitu cha thamani kwa kitu cha bei rahisi, na atakayekuja kuibandua atakulaani. Rangi ni ya msindano, plaiwudi yenye viraka, na kabati lenye mbao za aina tatu. Sugua kwa 120 na 180, paka vifundo vya msindano sheleki mikono miwili la sivyo utomvu utatoka na kuacha madoa ya njano, kisha andakoti (rangi ya chini) ya mafuta mkono mmoja, sugua kwa 240, malizia na rangi ya mafuta mikono miwili. Rangi ya maji ya ukutani haifai: hunasa vyombo, hushika uchafu wa vidole, na hubanduka kwenye kingo.

Mambo yakienda kombo

*Inanata baada ya siku tatu.* Umepaka nzito, au hewa ina unyevu, au mbao ni mvule, au pana mafuta chini. Ipeleke penye upepo siku nne zaidi. Ikiendelea, iondoe kwa tapentaini na skrepa, futa kwa thina, anza na mkono mwembamba. Kupaka mkono mwingine juu ya unaonata ni kufungia tatizo ndani.

*Vishimo vya mviringo kama macho ya samaki.* Mabaki ya polishi ya kupuliza. Acha ikauke, sugua mpaka vishimo viishe, osha kwa tapentaini mara mbili na kitambaa kipya kila mara, paka sheleki mkono mmoja, rudi kwenye vanishi.

*Vipele.* Vumbi au nywele za brashi. Namba 320 baada ya kukauka, kisha mkono mmoja.

*Mchirizi uliokauka.* Usianze na msasa, utakula pembeni na kuacha mchirizi. Ukate kwa wembe uliolazwa bapa, ndipo usugue.

*Madoa mepesi karibu na viungo.* Gundi iliyokauka juu ya mbao huzuia vanishi kuzama. Kwangua mpaka mbao, sugua 180 na 240, rudia sehemu hiyo.

*Weupe kama ukungu.* Huipata laka iliyopakwa siku yenye unyevu. Siku kavu ikifika, paka mkono mwembamba wenye thina zaidi. Utayeyusha wa chini na unyevu utatoka.

*Vanishi imetoka kama ganda la kitunguu.* Mkono wa chini haukusuguliwa, au ulipaka juu ya sandi sila. Hakuna dawa ya juu juu; rudi hatua ya 4.

*Droo bado inakwama.* Tafuta panapong'aa kwenye reli au ubavuni, ndipo panaposuguana. Pasugue kwa 120, kisha paka nta ya mshumaa. Usipake vanishi kwenye reli, wala mafuta ya kula, ambayo huvuta vumbi na mende.

*Ndani kunanuka.* Acha milango wazi na droo nje wiki mbili, na bakuli la mkaa mkavu kwenye rafu ya chini.